Sura ya Cardinale, sauti ya mwingine: Funzo kwa wanaocheka lafudhi

JUMAMOSI iliyopita nilialikwa na vijana wapenzi wa filamu katika ukumbi mmoja mdogo hapa Nairobi. Walikuwa wameandaa onyesho la sinema ya zamani ya makauboi, Once Upon a Time in the West ya mwaka 1968, kwa heshima ya mwigizaji Claudia Cardinale aliyefariki nchini Ufaransa mnamo Septemba 23, 2025 akiwa na umri wa miaka 87. Viti vilijaa, wengine wakaketi sakafuni. Kwa sinema inayokaribia miaka 60, hilo pekee lilinifurahisha.

Taa zilipowashwa, msichana mmoja, mwanafunzi wa mwaka wa pili wa fasihi, aliinua mkono. "Prof," aliniambia, "huyu mama alikuwa na sauti tamu! Yaani imetulia tu kama sura yake."

"Mwanangu," nikamjibu, "sauti uliyoisikia si yake."

Ukumbi ulinyamaza. Kijana aliyeketi nyuma akauliza, "Si yake aje na tumemwona akiongea?" Swali hilo limenikaa kichwani wiki nzima, na ndilo linalonisukuma kuandika makala haya. Tulikuwa tumekusanyika kumuenzi mwigizaji, na kwa karibu saa tatu tulikuwa tumemsikiliza mtu mwingine.

Nianze na filamu yenyewe, maana si haki kuizungumzia sauti kabla ya kusema kazi hii ina thamani gani. Mwongozaji wake, Sergio Leone, alikuwa Mwitaliano. Kabla ya hii alikuwa ametengeneza filamu tatu za makauboi akimtumia Clint Eastwood, ya mwisho ikiwa The Good, the Bad and the Ugly ya mwaka 1966. Safari hii aliibuni hadithi pamoja na vijana wawili ambao baadaye walipata majina makubwa kama waongozaji, Bernardo Bertolucci na Dario Argento. Sehemu kubwa ilipigwa Uhispania, na nyingine katika bonde la Monument Valley kule Marekani.

Hadithi yenyewe si ngumu. Jill, mwanamke kutoka New Orleans, anashuka kwenye treni katika mji mchanga wa Flagstone. Ameolewa na mjane mwenye watoto watatu, na anatarajia kupokewa stesheni. Hapokewi na yeyote. Anakodi gari la farasi hadi shambani, na huko anakuta meza zilizotandikwa kwa ajili ya karamu ya kumlaki zimelazwa maiti za mumewe na watoto. Shamba hilo linaitwa Sweetwater, nasi tungeliita Majimatamu. Lina kisima, na reli inayokuja haiwezi kupita nyika ile kavu bila maji ya kunywesha injini. Mumewe alilijua hilo mapema, ndiyo maana akauawa. Muuaji ni Frank, anayetumwa na tajiri wa reli. Nyuma ya Frank anakuja mwanamume asiye na jina, anayefuatilia kisasi cha zamani. Wote humwita Harmonica kwa sababu ya kinanda cha mdomo anachokivaa shingoni.

Nairobi inapaswa kuielewa hadithi hii kuliko miji mingi. Jina la jiji letu limetokana na maneno ya Kimaasai yanayotaja maji baridi, na mji wenyewe ulianza kama kambi ya reli mwaka 1899. Reli, maji na ardhi. Nilipoona Flagstone ikichipuka vumbini, mbao zikigongwa misumari na kila mtu akiwahi chake, sikuhitaji kuelezwa. Tulijengwa hivyo hivyo, na damu ya aina hiyo hiyo iko chini ya misingi yetu.

Hata hivyo, ukubwa wa filamu hii hauko kwenye kisa. Uko kwenye namna inavyotumia sauti, na hasa namna inavyotumia ukimya. Mwanzoni wanaume watatu wenye bunduki wanaisubiri treni. Kwa dakika kadhaa hakuna mazungumzo ya maana. Kinu cha upepo kinalia kwi-kwi kwa kukosa mafuta. Matone ya maji yanadondoka kwenye kofia ya mmoja wao, naye anayaacha yajae, kisha anayanywa. Nzi anatembea usoni mwa mwingine hadi anamnasa ndani ya mtutu wa bastola. Wa tatu anavivunja vidole vyake, ko, ko. Vijana waliozoea video za sekunde 30 walianza kwa kucheka, halafu wakanyamaza. Walikuwa wamefundishwa kusikiliza bila kujua kwamba wamo darasani.

Muziki wa Ennio Morricone nao ulitungwa kabla ya kamera kuanza kufanya kazi. Leone aliupiga pale pale waigizaji wakiigiza, ili mwendo wao uufuate. Jill anapoishughulikia saa yake stesheni, anapoingia ofisini kuuliza njia, na kamera inapopanda juu ya paa kutuonyesha mji mzima, tunasikia sauti ya mwimbaji Edda Dell'Orso. Sauti hiyo haina neno hata moja. Ni vokali tupu zinazopanda na kushuka. Naikiri kwamba kwa mtu aliyeishi kwa kuchambua maneno kwa zaidi ya miaka 30, kuliwazwa na wimbo usio na maneno ni fedheha kidogo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Ndilo tukio bora zaidi katika filamu nzima.

Filamu ina makosa yake pia. Jill ndiye mhimili wa kisa, lakini Leone anawaachia wanaume waamue karibu kila jambo linalompata. Frank anamdhulumu kitandani na kamera inakawia pale kuliko inavyohitajika. Karibu na mwisho, jambazi Cheyenne, ambaye kwa mengine tunampenda, anamshauri awapelekee maji wajenzi wa reli, na mmoja akimshika makalio, ajifanye hakuona. Wasichana ukumbini waliguna kwa sauti. Waliguna kwa haki. Kinachomwokoa Jill ni Cardinale mwenyewe. Anaibeba ile sura ya mtu aliyefika mahali akakuta kila kitu kimeharibika, akavua kofia, akaanza kupekua nyumba chumba kwa chumba. Hasemi mengi. Macho yanasema.

Sasa turudi kwenye swali la yule kijana. Si yake aje?

Claudia Cardinale alizaliwa La Goulette, karibu na Tunis, Aprili 15, 1938. Naam, alizaliwa katika bara letu hili. Wazazi wake walikuwa wa asili ya Sicilia. Nyumbani alisikia Kisicilia, mitaani Kiarabu cha Tunisia, na shuleni Kifaransa, kwa maana Tunisia wakati huo ilikuwa chini ya Wafaransa. Mwaka 1957 alishinda shindano la kumtafuta msichana Mwitaliano mrembo zaidi wa Tunis. Zawadi ilikuwa safari ya kwenda kwenye tamasha la filamu la Venice. Huko watengenezaji wa filamu wakamwona, na mwaka uliofuata akawa ndani ya I soliti ignoti, kichekesho ambacho bado kinatazamwa. Shida ilikuwa moja: Kiitaliano chenyewe hakukijua sawasawa. Alijifunza akiwa tayari kazini.

Suluhisho la wenye filamu lilikuwa rahisi. Uso walimwachia, sauti wakaiondoa. Mwigizaji mwingine aliingia studio, akatamka maneno yale kwa Kiitaliano kilichonyooka, na watazamaji wakampenda Cardinale kwa mdomo wa mtu mwingine. Hata katika Il Gattopardo ya Luchino Visconti, ya mwaka 1963, alipoigiza Angelica, msichana wa Sicilia, alitiliwa sauti. Hebu fikiri: mtu aliyelelewa kwa Kisicilia anaigiza Msicilia, na sauti yake inaonekana haifai!

Aliyevunja desturi hiyo ni Federico Fellini. Katika 8½, iliyotoka mwaka huo huo wa 1963, alimwacha Cardinale aseme mwenyewe. Watu wakaisikia kwa mara ya kwanza ile sauti nzito yenye mikwaruzo, na Kiitaliano chenye ladha ya Kifaransa. Dunia haikuanguka. Kinyume chake, sauti hiyo iliyofichwa ikawa sehemu ya umaarufu wake.

Lakini miaka mitano baadaye, katika filamu tuliyoitazama Jumamosi, sauti ilichukuliwa tena. Katika toleo la Kiingereza, anayesema kwa niaba ya Jill ni mwigizaji wa Marekani, Joyce Gordon. Henry Fonda, Charles Bronson na Jason Robards, Wamarekani watatu, wanasema kwa sauti zao. Cardinale hasemi.

Nisiwaonee watu. Filamu za Kiitaliano za enzi hizo aghalabu zilirekodiwa sauti baada ya picha. Waigizaji wa lugha tofauti walisimama mbele ya kamera moja, kila mmoja akasema chake, kisha studio ikayapanga yote. Mwitaliano Gabriele Ferzetti, aliyeigiza tajiri wa reli, naye alitiliwa sauti katika toleo la Kiingereza. Kwa hivyo sidai kwamba palikuwa na njama dhidi ya mwanamke mmoja. Tena Joyce Gordon alifanya kazi nzuri, la sivyo yule mwanafunzi wangu asingeisifu sauti ile. Hoja yangu ni tofauti: desturi inaweza kumnyamazisha mtu bila yeyote kukusudia ubaya, na kwa sababu hakuna aliyekusudia, hakuna anayeuliza.

Na filamu yenyewe inauliza, ukiitazama vizuri. Wasiopenda kuambiwa mwisho waruke aya hii. Katika pambano la mwisho tunaonyeshwa kwa nini Harmonica anamsaka Frank. Alipokuwa mvulana, Frank alimsimamisha chini ya tao, kaka yake akiwa juu ya mabega yake na kitanzi shingoni, kisha akamsokomezea kinanda mdomoni na kumwambia apige. Mtoto aliposhindwa na kuanguka, kaka yake akafa. Tangu hapo mtu huyo anapoulizwa jambo hujibu kwa kinanda kile kile. Frank anapokata roho, Harmonica anakivua na kukiweka kati ya meno yake. Ndipo Frank anakumbuka. Kwa ufupi, filamu ya kinanda kilichosokomezwa mdomoni mwa mtoto ilitengenezwa kwa kutia sauti ya mwingine katika mdomo wa mwigizaji wake mkuu wa kike. Sidhani Leone aliliona hilo. Nimeliona mimi Jumamosi, baada ya kuitazama filamu hii mara nyingi tangu ujana wangu, na kuliona huko kumetokana na swali la mtoto wa mwaka wa pili.

Sasa msomaji atauliza: Haya ya Waitaliano yanatuhusu nini katika ukurasa wa Kiswahili? Yanatuhusu sana.

Mimi ni mzaliwa wa Nyanza. Lugha yangu ya kwanza ni Dholuo, na Dholuo haina sauti *sh* wala *z*. Mapema miaka ya themanini, nikiwa nimetoka chuoni na Kiswahili kikinichemka kichwani, nilienda kujaribiwa sauti katika kituo kimoja cha redio. Niliandaliwa taarifa ya bei ya mazao. Nikasoma "silingi", nikasoma "masamba". Mhariri wa zamu alinisikiliza hadi mwisho, akasema kwa upole, "Kiswahili chako unakijua, ndugu yangu, lakini sauti yako irudishe nyumbani." Wenzake wakacheka. Nilicheka nao. Kwa muda wa mwaka mzima nilifanya zoezi la *sh* na *z* mbele ya kioo, na kwa muda huo huo sikuthubutu kuinua mkono katika mkutano wowote.

Nakumbuka vicheko vile kila ninapowasikia vijana wakimcheka mwenzao kwa "kushrabu". Neno hilo la mtaani sisi wanaisimu tunalieleza kwa adabu kama athari ya lugha ya kwanza. Kicheko, hata hivyo, ni kile kile. Kuna wanafunzi wangu wanaoandika insha za kiwango cha juu na hawatamki neno darasani kwa muhula mzima.

Je, basi tuache kila mtu atamke apendavyo? La. Hapa lazima tutenganishe mambo mawili.

Mosi, kuna matamshi yanayobadilisha maana. *Shindano* na *sindano* ni vitu viwili. Mwanafunzi anayekwenda kwenye shindano asijikute anadungwa sindano. *Kula* na *kura* ni vitu viwili, ingawa wanasiasa wetu wamejitahidi sana kuviunganisha. *Mahali* si *mahari*. Mwalimu asiyezifundisha tofauti hizi hafanyi kazi yake. Yule mhariri alikuwa na haki ya kunirekebisha, na ninamshukuru kwa hilo.

Pili, kuna lafudhi, yaani ule mwendo na ladha ya sauti inayoonyesha mtu ametoka wapi hata baada ya kuzitamka sauti zote ipasavyo. Hii haibadilishi maana ya neno lolote. Hata sasa nikisema *shilingi* bila kosa, msikilizaji makini atajua nimetoka upande wa ziwa. Ajue. Kuna hasara gani? Kutaka niifute lafudhi hiyo ni kutaka nitiliwe sauti ya mtu mwingine.

Anayeshikilia kwamba iko lafudhi moja tu halali na akumbuke historia. Mkutano ulioamua kwamba Kiswahili Sanifu kijengwe juu ya Kiunguja ulifanyika mwaka 1928, tena Mombasa. Kimvita, lahaja ya wenyeji wa mji huo, ndicho kilichoachwa. Wamombasa wanaosema *ndia* badala ya *njia* na *kuya* badala ya *kuja* wakawa, nyumbani kwao na kwa lugha yao wenyewe, watu wa kusahihishwa. Ikiwa Mmombasa aliweza kuambiwa hivyo, sisi wa bara tusishangae. Usanifu ulihitajika kwa ajili ya vitabu na mitihani, sibishi. Ila ulikuwa makubaliano ya watu mezani. Haukushuka kutoka mbinguni.

Jambo hili lina uzito zaidi leo kwa sababu kazi ya kutia sauti imefika kwetu. Mwaka 2011 tamthilia ya Kichina kuhusu Doudou na mama wakwe zake ilionyeshwa kwa Kiswahili katika televisheni ya taifa ya Tanzania. Baada yake zimekuja nyingine nyingi, za Kichina na za Kituruki, na zinaingia hadi sebuleni mwetu. Nazifurahia. Zimewapa vijana kazi na zimeionyesha dunia kwamba Kiswahili kinaweza kubeba kilio na kicheko cha taifa lolote. Ombi langu ni kwamba wanaochagua sauti wasitafute sauti moja tu. Mama mkwe wa Kichina hapati hasara yoyote akisikika kama mama wa Kitui au wa Kakamega. Mtazameni DJ Afro, ambaye kwa miaka mingi amezisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili cha mtaani katika vibanda vya video na kwenye matatu. Hakuna aliyewahi kumwambia airudishe sauti yake nyumbani. Watu wanalipa kuisikia, kwa sababu ni yake.

Nilipomaliza kueleza haya ukumbini, kwa ufupi kuliko nilivyoandika hapa, yule msichana alibaki nyuma wenzake wakitoka. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba amekuwa akikataa kuiwasilisha kazi yake mbele ya darasa kwa sababu ya *l* na *r*. Nilimuuliza kazi yenyewe inahusu nini. Akanieleza kwa dakika kumi, akichanganya *l* na *r* mara mbili au tatu hivi, na sikupotea hata sentensi moja. Nikamwambia, "Hizo mbili tatu tutazifanyia zoezi. Hayo mengine yaache yalivyo." Amekubali kuwasilisha wiki ijayo.

Waandalizi wa onyesho niliwapa pendekezo moja. Kama kweli wanataka kumuenzi Cardinale, wasiishie kwenye sinema ya makauboi, pamoja na ukubwa wake wote. Waonyeshe pia 8½. Huko hatokei kwa muda mrefu, na filamu yenyewe ni ngumu kuifuata. Lakini atakapofungua mdomo, watakaokuwa ukumbini watamsikia yeye.